Maji Baridi, Nguo Kavu: Nasaha kwa Wazazi wa Vijana Walioko Ng'ambo



Wasomaji wetu wapenzi, juma lililopita nililetewa swali na mama mmoja wa hapa mjini. Binti yake anasoma chuo kikuu Uingereza, na huko amejiunga na kikundi cha wanafunzi wanaopiga kafi katika mito ya maji ya kasi. Karibuni wanatarajia kusafiri hadi Wales, kwenye mto uitwao Tryweryn, karibu na mji wa Bala. Mama huyu hakuniuliza kama mchezo wenyewe unafaa au haufai. Aliuliza swali la mama: "Mwanangu amezaliwa katika joto na kulelewa katika joto. Akipinduka katika maji yale ya baridi atakuwaje? Na avae nini kitakachomsitiri na kumhifadhi kwa pamoja?"

Nimeona swali hili lina haki ya kujibiwa hadharani, kwani nyumba nyingi za pwani leo zina mtoto London, Toronto au Glasgow, na watoto hao huishi kama wanavyoishi wenzao wa huko. Mzazi asiyeijua hatari hana ila mambo mawili: kukataza bila hoja, au kunyamaza na kukesha kwa hofu. Yote mawili hayamfai mtoto. Nimewauliza vijana wetu waliokwenda na kurudi, nikasoma yaliyoandikwa na mabingwa wa fani hii, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Bahari yetu na mito yao

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Leo tuongeze: wala baridi yake. Maji ya bahari hapa Mombasa huwa baina ya digrii 25 na 29 takriban mwaka mzima. Mtoto wetu huingia majini asubuhi akatoka adhuhuri, na kitakachomtoa ni njaa. Kwa sababu hiyo tumewafundisha watoto wetu kuogopa kina, mkondo na mawimbi, lakini hatukuwafundisha kuiogopa baridi, maana hatukuwa na haja hiyo.

Mito ya Uingereza ni mambo mengine. Aghlabu ni mito mifupi inayoteremka milimani, na hujaa pale mvua zinapopiga, yaani tangu vuli hadi mwanzo wa machipuko. Kwa hivyo msimu mzuri wa maji ya kasi huangukia katika miezi ya baridi, wakati maji ya mto huweza kushuka hadi digrii 5 au chini yake. Anayetaka maji mengi hana budi kuyapokea na baridi yake.

Mto Tryweryn una sifa ya ziada. Juu yake pana bwawa la Llyn Celyn, lililokamilika mwaka 1965 ili kuupatia maji mji wa Liverpool, na ambalo lilikifunika moja kwa moja kijiji cha Capel Celyn. Watu wa Wales hawajalisahau tukio hilo hadi leo. Maji hufunguliwa kutoka bwawa hilo hata kiangazi, ndiyo sababu kituo cha taifa cha mchezo huu kimewekwa hapo. Lakini maji ya bwawa lenye kina hayapashwi na jua kama maji ya juu, kwa hivyo mtu huweza kufika kingoni mwezi wa Julai, jua linawaka, akatia mkono mtoni na kuurudisha upesi.

Mfano mkubwa zaidi uko Marekani. Mto Colorado hupita katika bonde la Grand Canyon, nchi ya jangwa ambako joto la kiangazi hupita digrii 40. Lakini juu ya bonde hilo pana bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia maji mwaka 1963, na kwa miaka mingi maji yaliyotoka chini ya bwawa hilo yamekuwa na baridi ya karibu digrii 8 hadi 12. Mtu akiwa ndani ya chombo anaungua, na akianguka majini anaganda. Hapo ndipo tunapoipata kanuni ya kwanza ya mchezo huu, ambayo kila mzazi aihifadhi: huvaliwa nguo kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya jua. Swali la kumuuliza mtoto si "hali ya hewa ikoje leo?" bali "maji yana digrii ngapi?"

Wala tusidhani jambo hili liko ng'ambo tu. Mto Tana, ambao sisi tunaujua ukiwa mpana na mtulivu kule Garsen na Kipini, unapopita Sagana ni mto wa kasi na mawe, na vijana wetu wa vyuo hupelekwa huko kushindana na mapovu yake. Baridi ya kule haifikii ile ya Wales, lakini maji yanayoteremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua si maji ya Bahari ya Hindi.

Baridi inavyomshika mtu

Wengi wetu hudhani kuwa mtu akianguka katika maji baridi huganda polepole hadi akafa. Wataalamu wametuonyesha kuwa mambo hayaendi hivyo, na kwamba wengi hufa mapema zaidi, mwili ungali na joto lake.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe katika maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, amelieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi: moja, kumi, moja. Dakika moja, dakika kumi, saa moja.

Dakika ya kwanza ni ya pumzi. Ngozi inapoguswa ghafla na maji baridi, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila ya hiari yake, kisha huhema mbiombio huku moyo ukipiga kwa kasi. Ikiwa pumzi ile ya kwanza imekuja kichwa kikiwa chini ya maji, huvuta maji badala ya hewa. Hapa kuogelea kwa ufundi hakumwokoi mtu, maana hata bingwa hana amri juu ya pumzi hiyo. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, aliyechunguza mshtuko huu kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa hufikia kilele chake mapema sana kisha hupungua wenyewe. Dawa yake ni subira. RNLI, shirika la waokoaji wa baharini wa Uingereza lililoasisiwa mwaka 1824, huwafundisha watu jambo moja: usipigane na maji, lala chali, elea hadi pumzi ikurudie, kisha ndipo ufikiri cha kufanya.

Dakika kumi zinazofuata ni za mikono. Mwili ni kama mwenye nyumba aliyevamiwa: huacha vyumba vya nje akajifungia cha ndani. Damu hujiondoa katika mikono na miguu ili kuuhifadhi moyo na ubongo. Vidole hukakamaa, mtu akashindwa kuishika kamba aliyotupiwa, akashindwa kufungua kifungo, akashindwa kujivuta juu ya jiwe lililo mbele yake. Akili yake bado ni timamu na anajua la kufanya, ila mikono haimtii.

Saa moja ndiyo muda ambao kwa kawaida hupita kabla mtu hajapoteza fahamu kwa kuporomoka joto la mwili. Joto letu la kawaida ni digrii 37, na likishuka chini ya 35 mtu amekwisha ingia katika hatari. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, ndiyo maana mtu anayestahimili chumba chenye digrii 15 siku nzima hawezi kustahimili maji ya digrii hizo hizo.

Zingatieni maana ya hesabu hii. Hatari ya mwanzo si kuganda; ni pumzi na mikono. Kwa hivyo jaketi la kuokolea maisha, linalokiweka kichwa juu ya maji katika dakika ile ya kwanza, ndilo vazi la kwanza la kinga dhidi ya baridi, ijapokuwa halikuumbwa kwa ajili ya joto. Kijana aliyevaa nguo za bei kubwa bila jaketi hilo amejenga paa akasahau nguzo.

Na kwa kuwa tunazungumzia mto wenye mawe, kuna jambo jengine la kumfundisha mtoto. Akichukuliwa na maji ya kasi alale chali, miguu mbele, ikielekea mto unakokwenda, wala asijaribu kusimama maadamu maji yanakwenda kwa nguvu. Mguu ukinaswa baina ya mawe, mkondo humlaza mtu kifudifudi na kumzuia asiinuke.

Pamba nzuri kwa jahazi, mbaya kwa mwili

Mafundi wetu wa Lamu na Matondoni hutia kalafati ya pamba baina ya mbao za chombo. Kwa nini pamba? Kwa sababu ikipata maji hufura, huyashika, na haiyaachi. Sifa hiyo hiyo inayoliokoa jahazi ndiyo inayomdhuru mtu. Fulana ya pamba, suruali ya jinzi, shela ya pamba, vyote hunywa maji na kuyaweka juu ya ngozi, na upepo ukipita huondoa joto la mwili kama mtungi unavyopozwa barazani. Kanuni ya pili basi ni hii: pamba isiguse ngozi ya mtu anayekwenda kwenye maji baridi, hata kama ni kivazi kidogo cha ndani.

Kilicho bora ni sufu, au nyuzi za kutengenezwa kama polyesta. Sufu huhifadhi sehemu ya joto hata ikiwa imelowa. Polyesta hainywi maji mengi na hukauka upesi. Waendao mtoni huvaa kwa tabaka: la kwanza jembamba na la kubana, linaloondoa jasho kwenye ngozi, la pili lenye manyoya laini yanayoshika hewa ndani yake, kwani hewa iliyotulia ndilo blanketi lenyewe, na la tatu la nje, la kuzuia maji na upepo. Ubora wa mpango huu ni kuwa tabaka huongezwa au kupunguzwa kulingana na siku.

Suti mbili, hekima mbili

Juu ya tabaka hizo, au badala ya baadhi yake, kuna mavazi mawili mashuhuri, na ni vyema mzazi akajua tofauti yake kabla ya kutuma fedha.

La kwanza ni suti ya mpira laini uitwao neoprini. Aliyeibuni alikuwa mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Hugh Bradner, mapema katika miaka ya 1950. Watu wengi hudhani suti hii humzuia mtu asilowe. Sivyo. Maji huingia, lakini kidogo, nayo hubaki baina ya mpira na ngozi yakapashwa joto na mwili wenyewe. Kinachohifadhi joto hasa ni vipovu vya hewa vilivyo ndani ya mpira. Kwa hivyo suti iliyolegea haina faida, maana maji huingia na kutoka, na kila yanapotoka huondoka na joto. Kwa kupiga kafi hutumika zaidi zenye unene wa milimita 3 hadi 5, na juu yake huvaliwa jaketi jepesi la kuzuia upepo. Bei yake ni nafuu, na vikundi vingi vya wanafunzi huazimisha wageni.

La pili ni suti kavu. Hii hushonwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, na kwenye shingo na vifundo vya mikono hutiwa ukanda wa mpira mwembamba unaokumbatia ngozi. Miguuni huwa na soksi zilizounganishwa na suti yenyewe, na zipu yake haipitishi maji. Zilizo bora hutumia kitambaa kinachozuia maji kuingia lakini kinaruhusu mvuke wa jasho kutoka, kama Gore-Tex, kilichotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa mwaka 1969. Mtu akianguka hutoka mwili wote mkavu, ila uso na mikono. Lakini fahamuni: suti kavu yenyewe haina joto. Ni kama ukuta wa nyumba. Huzuia mvua, lakini joto ni la blanketi lililo ndani. Asiyevaa tabaka za sufu au manyoya chini yake atakaa mkavu huku akitetemeka.

Hekima ya suti hii si ngeni. Watu wa Greenland, ambao kutoka kwao na kwa jamaa zao ulimwengu umepata chombo kiitwacho kayaki, walivaa joho la ngozi ya sili lililofungwa usoni, mikononi na kwenye ukingo wa tundu la chombo, hata mtu na chombo chake wakawa kitu kimoja kisichoingiza tone. Akipinduka alijiinua kwa kafi na kuendelea na uwindaji wake. Jamii nyengine za kaskazini zilishona majaketi mepesi ya mvua kwa utumbo wa wanyama wa baharini. Waliishi mahala ambapo kulowa kulikuwa ni kufa, wakalichukulia jambo hilo kwa uzito wake. Sketi ya mpira ambayo wapiga kafi wa leo huivaa kiunoni na kuifunga kwenye tundu la chombo ni mtoto wa joho lile.

Suti kavu hutaka uangalizi. Kabla ya kuingia majini, mtu huchuchumaa, akakumbatia magoti, akaufungua ukanda wa shingo kwa kidole ili hewa iliyojaa ndani itoke. Asipofanya hivyo atafura kama pulizo na kushindwa kujigeuza. Zipu ihakikishwe imefungwa hadi mwisho, na ni vyema mwenzake aitazame. Mikanda ya mpira huharibiwa na jua na mafuta, kwa hivyo isipakwe wala kuguswa na mafuta ya kujipaka, na isafishwe kwa maji matamu baada ya kutumika. Bei ya suti hii ni mamia ya pauni, na nyengine hupita elfu moja. Anayenunua iliyotumika aivute mikanda yake kwa vidole: ikionyesha nyufa, imekwisha, na atalipia kuibadilisha.

Suti yoyote inaweza kutoboka. Ndiyo maana jaketi la kuokolea maisha huvaliwa juu ya kila suti, bila ya kuvuliwa.

Kichwa, mikono na miguu

Kuna kauli mashuhuri kuwa nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Haikuthibiti. Kichwa hupoteza joto kwa kadiri ya ukubwa wake, karibu sehemu moja katika kumi, mwili wote ukiwa wazi. Lakini mwili ukiwa umefunikwa na kichwa kikawa wazi, bila shaka hapo ndipo mlango ulipobaki. Kofia nyembamba ya neoprini au sufu chini ya helmeti hutosha, na hupunguza ukali wa maji yanapompiga mtu masikioni.

Mikono huhifadhiwa kwa glavu, au kwa mifuko maalumu inayofungwa kwenye kafi, mtu akaingiza mkono na kulishika kafi kwa ngozi yake mwenyewe. Wengi huipendelea mifuko, kwa sababu huzuia upepo bila kupunguza uimara wa mshiko. Miguuni huvaliwa viatu vya neoprini vyenye nyayo ngumu. Viwe na nafasi kidogo, maana kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usiopata damu haupati joto hata ukivishwa soksi tatu.

Sitara na usalama havigombani

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya swali la mama. Baadhi ya mabinti zetu, kwa kutaka sitara, huvaa juu ya suti ya mpira kanzu ya pamba au suruali pana, na shela ndefu iliyofungwa kwa pini. Nia ni njema, lakini vazi hilo ni hatari mara tatu: pamba hunywa maji, upana huvutwa na mkondo, na ncha ya shela huweza kunasa kwenye tawi au kwenye chombo. Pini nazo hutoboa suti.

Njia ipo, na ni nyepesi. Suti kavu kwa umbile lake ni pana na humfunika mtu tangu shingo hadi vidole vya miguu. Haichori mwili kama suti ya mpira. Binti aliyepewa suti ya mpira pekee anaweza kuvaa juu yake jaketi la mtoni na suruali ya mtoni, zisizopitisha maji, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo na zenye kufungwa viungoni. Kichwani avae hijabu ya kuogelea, ile ya kipande kimoja isiyo na ncha wala pini, kisha helmeti juu yake. Na kwa kubadili nguo kingoni, ambako aghlabu hakuna chumba, kuna joho pana la taulo lenye kofia ambalo mtu hubadili nguo akiwa ndani yake. Wapiga kafi wa huko wengi hulitumia, kwa hivyo binti yetu hataonekana mgeni.

Dini yetu imelijua tangu zamani dhara la maji baridi. Wanafunzi wa fiqhi wanakumbuka kisa cha sahaba Amr bin al-Aas katika safari ya Dhatu as-Salasil. Aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia lau angeoga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipoelezwa alicheka wala hakumkaripia. Kuihifadhi nafsi na baridi si woga wala deko. Na kijana aliyefunga saumu ajue kuwa mwili usio na chakula hauna kuni za kuwasha moto wake. Siku ya mto ingoje baada ya Ramadhani.

Akitoka majini

Hatari haiishi mtu anapofika kingoni. Dalili za joto kushuka hujionyesha kwa tabia kabla ya mwili: mtu mchangamfu hununa, huangusha vitu, hujikwaa, maneno yake humung'unyika, na akiulizwa husema hana neno. Mwenzake ndiye amtazame, maana aliyepatwa ni wa mwisho kujua. Kutetemeka ni dalili njema kwa namna yake, kwani ndiko mwili unavyojipatia joto. Mtu akiacha kutetemeka hali angali baridi na anazidi kulegea, jambo hilo si kupona, ni kuzama. Hapo hupigwa simu ya dharura, ambayo Uingereza ni 999, na mtu hulazwa, hushikwa kwa upole bila kutikiswa, maana moyo uliopoa ni mwepesi kuharibu mapigo yake.

Kwa aliye na fahamu na angali anatetemeka: aondolewe upeponi, avuliwe nguo mbichi, akaushwe, avishwe nguo kavu na kofia, akalie kitu kisichokuwa ardhi tupu, kisha apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Chai ya tangawizi katika thamosi na tende chache hufanya kazi nzuri hapa, na binti yetu atakuwa amewazidi wenzake kwa maandalizi. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asitiwe katika maji ya moto. Na akisikia wenzake wakisema kuwa pombe hupasha mwili, ajue kuwa elimu ya tiba nayo imeikataa: pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku akilipoteza.

Maswali ya mzazi

Mzazi aliyefika hapa hana tena haja ya kukesha kwa hofu tupu. Apige simu na aulize haya. Maji ya mto huo yana digrii ngapi? Kiongozi wenu ana sifa gani, na amewahi kupita hapo? Mmefundishwa katika bwawa la ndani kutoka kwenye chombo kilichopinduka? Jaketi la kuokolea maisha ni lako kwa kipimo chako? Ndani umevaa nini, na kuna pamba? Nguo kavu za kubadili ziko katika mfuko usioingia maji, na mfuko huo uko wapi, garini maili tano au pamoja nanyi? Ni nani aliyepewa kazi ya kukutazama wewe?

Akijibu yote kwa utulivu, mpe radhi zako na umwache aende, maana mtoto anayejua majibu haya amekwisha jifunza kujihifadhi. Akisita katika mawili au matatu, usimgombeze. Mwambie safari hii angoje, ajifunze, kisha aende na kundi lijalo. Mto haukauki, na mvua za Wales hazijapata kuadimika.

Kama fedha ni chache, zitumwe kwa mpangilio huu: kwanza jaketi linalomkaa sawasawa, kisha nguo za ndani za sufu au polyesta, kisha kofia na viatu, na suti kavu iwe ya mwisho, akishajua kuwa mchezo huu ni wake. Suti ya mpira ya kuazima ikivaliwa kwa ujuzi ni bora kuliko suti kavu ya elfu moja inayovaliwa juu ya fulana ya pamba.

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu katika bara na bahari, katika joto na baridi, na awarejeshe kwetu salama.